Usimfiche tajiri wako operesheni, na wewe tajiri usimfukuze mgonjwa

Shukrani zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyeumba maradhi na akaumba na dawa zake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Ahli zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu zangu Waislamu, yapo mambo yanayotusumbua sana sisi tunaoishi mijini kwa kazi za kuajiriwa, lakini ni nadra kuyasikia kwenye khutba zetu. Moja ni hili la mtu kuambiwa na daktari kuwa anatakiwa afanyiwe upasuaji, kisha akashindwa kumwambia mwajiri wake. Mwanamke ana uvimbe kwenye kizazi, damu zinamtoka mpaka anapungukiwa na nguvu, lakini miezi inapita. Mwanaume ana ngiri, anaibana kwa mkanda na kuendelea kubeba mizigo. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini hajaenda kutibiwa, atakwambia, “Nikimwambia bosi, nitakuta nafasi yangu ina mtu.”

Nitatoa mfano mmoja. Ndugu yetu mmoja, mtunza stoo katika ghala moja hapa Dar es Salaam, alinifuata baada ya swala ya Ijumaa akiwa na swali. Daktari alikuwa amemwambia kuwa ngiri yake lazima ifanyiwe operesheni, na kwamba baada ya hapo asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita. Yeye akaenda kwa tajiri wake akasema amefiwa na mama yake mdogo huko kijijini, akaomba siku 14 katika likizo yake ya mwaka. Akapewa. Akapasuliwa kimya kimya, na siku ya kumi na tano akarudi stoo. Tajiri, asiyejua lolote, akampangia kupokea mzigo wa mchele kama kawaida. Katikati ya kazi mshono ukaachia, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa mara ya pili.

Lakini swali lake kwangu halikuwa juu ya mshono. Wafanyakazi wenzake, waliposikia kuwa amefiwa, walichanga rambirambi. Vijana wa kupakia mizigo, wenye kipato kidogo kuliko chake, walitoa elfu mbili mbili na tatu tatu, wakamtumia mkewe. Mke naye ilibidi apokee simu za pole na kuitikia “amin” kwa dua za maiti asiyekuwepo, kwani huyo mama mdogo yu hai mpaka leo. Akaniuliza, “Ile pesa ni halali yangu?”

Nilimjibu kuwa si halali yake. Watu walitoa kwa sababu ya msiba, na msiba haukuwepo. Hiyo ni haki ya waja, na haki ya waja haifutwi kwa istighfari peke yake mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Alhamdulillah, alifanya hivyo. Aliwarudia mmoja mmoja akawaeleza ukweli, na wengi wakamsamehe. Tajiri wake naye alisema neno ambalo kila mfanyakazi anapaswa kulizingatia: “Ungeniambia ningekuweka mezani uandike daftari, mzigo angepokea mwenzako.”

Tutazame sasa dini yetu inasema nini. Kwanza, kujitibu si udhaifu wa imani. Mtume (SAW) ametuamrisha tutafute dawa, akatufahamisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Hata kisu cha tabibu si jambo geni katika Uislamu. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume (SAW) alimpelekea Sahaba wake Ubayy bin Ka‘b (RA) tabibu, ambaye alikata mshipa kisha akauchoma. Na katika karne za baadaye Abul Qasim Az-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu, At-Tasrif, chenye sehemu nzima ya upasuaji pamoja na michoro ya vyombo vyake. Kwa hiyo Muislamu anayeahirisha operesheni ya lazima kwa kumuogopa meneja, ajiulize atajibu nini mbele ya aya ya 195 ya Suratul Baqara, ambayo inatukataza kujitia kwenye maangamizi kwa mikono yetu. Ngiri inayoachwa inaweza kunasa utumbo, na hapo kinachokuwa hatarini ni uhai wenyewe.

Pili, kazi ni mkataba, na Suratul Maidah inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Mwajiri amekukabidhi funguo, pesa, wateja, au roho za abiria. Ana haki ya kujua kuwa kuanzia tarehe fulani hutakuwepo, ili apange mtu wa kushika nafasi yako. Unapotoweka ghafla, mzigo wako anaangushiwa mwenzako ambaye hakujiandaa. Huko ni kumdhulumu mtu ambaye hana hata habari ya ugonjwa wako.

Tatu, uongo hauwi mdogo kwa kuwa umesemwa ofisini. Hapa nawakumbusha pia wale wanaonunua ED kwa watu wasio na haki ya kuziandika, wakapumzika nyumbani hali ya kuwa wazima. Kila ED ya uongo inamfanya mwajiri amtilie shaka mgonjwa wa kweli atakayekuja kesho.

Hata hivyo, kusema kweli si lazima kueleza kila kitu. Uislamu ni dini ya sitara. Dada yetu mwenye tatizo la kizazi halazimiki kumsimulia meneja mwanaume hali ya mwili wake. Mwajiri anahitaji kujua mambo matatu: lini utaondoka, utakosekana kwa muda gani, na ukirudi ni kazi zipi daktari amekuzuia. Ndugu huyo wa kike anaweza kuomba kuzungumza na afisa utumishi mwanamke ikiwa yupo, au akapeleka barua na cheti cha daktari ndani ya bahasha iliyofungwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo afisa anayepeleka habari za ugonjwa wako kwenye meza ya chai anavunja amana na anavunja sheria.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaogopa kwa sababu hatujui haki zetu. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata analipwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari. Usipokileta, mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo. Likizo hii ni mbali na ile ya mwaka ya siku 28, na sheria hairuhusu likizo ya mwaka itumike badala ya likizo ya ugonjwa. Maana yake ni kwamba ndugu yetu wa stoo alitumia likizo yake ya mwaka na akajitia katika uongo, ili apate siku 14, wakati haki yake ilikuwa miezi. Zanzibar nako wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005, na aliyeko huko aisome hiyo.

Basi andika barua. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatufundisha kuandika tunapokopeshana, na hekima ya kuandika inafaa hapa pia. Barua haihitaji maneno mengi: “Naomba likizo ya ugonjwa kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, kwa mujibu wa cheti cha daktari nilichoambatanisha. Nimeelekezwa nisinyanyue mizigo mizito kwa wiki sita. Kazi zangu nipo tayari kumkabidhi yule utakayemteua.” Ipeleke mapema, mara tu unapopewa tarehe ya operesheni, na ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Fanya makabidhiano ya funguo, pesa na madeni mbele ya shahidi. Na kabla ya kwenda hospitali andika wasia wako, kwani hilo ni agizo la Mtume (SAW) hata kwa aliye mzima. Ukifukuzwa kwa sababu ya ugonjwa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae nyumbani ukilia mpaka siku zikapita.

Sasa nizungumze na waajiri, kwa sababu miongoni mwa wasomaji wa safu hii wamo wenye maduka, mabasi, shule na ofisi, na ni Waislamu wanaoswali safu ya mbele. Mfanyakazi anayekudanganya, mara nyingine amefundishwa kudanganya na wewe. Aliona mwenzake alivyosema kweli akafukuzwa, akajifunza. Tukumbuke kisa cha Nabii Musa (AS) na mzee wa Madyan katika Suratul Qasas. Binti alimsifu Musa kwa nguvu na uaminifu, na sifa hizo mbili tunapenda sana kuzitaja tunapotafuta wafanyakazi. Lakini aya inayofuata hatuitaji. Yule mzee, alipokuwa anaweka masharti ya kazi, alimhakikishia Musa kuwa hataki kumtia mashakani. Hilo ni neno la mwajiri, na limo ndani ya Qur’an.

Mtume (SAW) alikuwa na kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia. Kijana huyo alipougua, Mtume (SAW) mwenyewe alikwenda kumtazama, akakaa karibu na kichwa chake. Imepokewa na Bukhari. Je, wewe umewahi kwenda wodini kumtazama mfagizi wa duka lako? Na kuhusu watumishi, Mtume (SAW) ametufahamisha kuwa ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasiyoyaweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie.

La kusikitisha zaidi ni yanayotokea majumbani mwetu. Dada wa kazi amekaa na sisi miaka mitatu, amelea watoto wetu na kutuamsha daku. Siku akiambiwa na daktari kuwa anahitaji operesheni, tunampa nauli na kumpandisha basi arudi kwao, kisha wiki hiyo hiyo tunatafuta mwingine. Sheria niliyoitaja inamhusu na yeye, ni mfanyakazi kama wengine. Na hata kama sheria isingekuwepo, Hadithi Qudsi iliyopokewa na Muslim inatuambia kuwa siku ya Kiyama Allah (SW) atamuuliza mja wake kwa nini hakumtembelea mja fulani alipougua. Huyu wa kwetu hatukuhitaji hata kutoka nje kumtembelea, alikuwa analala chumba cha jikoni.

Najua yapo maduka madogo yenye wafanyakazi wawili tu, na mmoja akiondoka wiki sita biashara inayumba. Hilo ni kweli. Lakini taarifa ya mapema ndiyo inayokupa nafasi ya kutafuta kibarua wa muda, na taarifa ya mapema hutaipata kwa mtu anayekuogopa. Hali kadhalika misikiti yetu isiwasahau wanaofanya kazi za siku kwa siku bila mkataba, wapagazi na waendesha bodaboda, ambao hawana wa kumpelekea barua. Akipasuliwa mmoja wao, familia yake haili mpaka apone. Kamati za misikiti ziwaweke hawa katika hesabu za zaka na sadaka.

Mwisho, nakuusia wewe mgonjwa uliyeshika karatasi ya daktari na hujui uanzie wapi. Katika aya ya mwisho ya Suratul Muzzammil, Allah (SW) amewapunguzia waja wake kisimamo cha usiku kwa kuwa anajua miongoni mwao watakuwemo wagonjwa, na wengine watakaosafiri katika ardhi wakitafuta fadhila zake. Amewataja mgonjwa na mtafuta riziki katika aya moja, na wote wawili akawapa wepesi. Na Mtume (SAW) ametubashiria kuwa mja anapougua huandikiwa thawabu za amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima. Mshahara wako unaweza kupunguzwa nusu baada ya siku 63, lakini thawabu za amali zako hazipunguzwi. Nenda kesho ukaseme kweli, kisha mtegemee Allah.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaosubiri tarehe za operesheni, na alainishe nyoyo za waajiri wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.