Hiari ya Mraibu Inakaa Wapi?

Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliandika makala kuhusu uhuru wa utashi, na miongoni mwa mifano yake akawaweka waraibu wa dawa za kulevya. Mmoja anatumia dawa huku akiuchukia uraibu wake: anaitaka, lakini anatamani asingeitaka. Mwingine huvutwa na hamu bila kujiuliza kama hamu hiyo anaikubali au anaikataa. Kwa Frankfurt, anayestahili kuhesabiwa kuwa mtu kamili ni yule wa kwanza, kwa kuwa ana msimamo juu ya matamanio yake mwenyewe. Ameshindwa, lakini kushindwa kwake kunamuuma.

Hoja hiyo bado inafundishwa vyuoni, na ina nguvu. Pengo lake ni kwamba mraibu wa Frankfurt yuko peke yake. Hana maskani, hana mwenzake wa kugawana naye kete, hana ndugu waliomchoka, hana kliniki wala nauli ya kufikia kliniki. Vita yote inapiganwa kichwani mwake. Dar es Salaam inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya vita hiyo hupiganwa nje ya kichwa.

Heroini ilifika pwani ya Afrika Mashariki kutoka Afghanistan, ikipitia fukwe za Iran na Pakistan na kuvuka bahari kwa majahazi. Miaka ya mwanzo wengi waliivuta pamoja na tumbaku au bangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi katika maji, na mabomba ya sindano yakafuata. Virusi vya Ukimwi vikapata njia mpya. Tafiti za Dar es Salaam zimekuta kwamba katika kila watu watatu wanaojidunga, takriban mmoja ana VVU, katika nchi ambayo kiwango miongoni mwa watu wazima wote ni kama asilimia 5.

Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo lililowashtua wengi. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakiuza miili yao jijini walikuwa wakigawana damu. Aliyepata unga alijidunga, akavuta damu yake irudi ndani ya bomba, kisha akampa mwenzake aliyekosa hela ajidunge damu hiyo, akiamini kuwa masalia ya heroini yatampunguzia arosto: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha, jasho na usiku usio na usingizi. Kwa macho ya tabibu, ni vigumu kupata njia ya uhakika zaidi ya kuambukiza VVU.

Lakini kitendo hicho kilikuwa pia cha kumhurumia mwenzake. Mwanamke ambaye jamii ilisema hana tena utashi wala utu alikuwa akiona mateso ya mwingine na kukata shauri kumsaidia kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Utashi haukupungua hapo. Kilichopungua ni njia za kuutumia bila kuua: hakuwa na sindano safi, dawa ya kutuliza arosto, wala mtu aliyeaminika wa kumweleza hatari. Anayetaka kujua kwa nini watu wale waliambukizwa asiishie kuchunguza nia zao. Achunguze pia vitu vilivyokuwa mikononi mwao.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, na baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata. Wateja wengi hawakuja wenyewe. Asasi za kijamii ziliwatuma wahudumu na waelimishaji rika, baadhi yao waliowahi kula unga, kwenda vijiweni na magetoni kuzungumza nao, kuwaandaa na kuwasindikiza hadi mlango wa kliniki. Kwa mtu aliyezoea kukimbia polisi na kufukuzwa zahanati, uamuzi wa kuanza matibabu ulihitaji kwanza sauti ya mtu asiyemdharau.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, wanasema. Mraibu amebadilishiwa mnyororo tu. Nyumba za upataji nafuu, soba kama wengi wanavyoziita, zimejengwa juu ya kuacha kabisa, na zimewasaidia watu wengi Zanzibar na Tanzania Bara. Hakuna sababu ya kuzibeza. Ila hoja ya mnyororo inasahau saa za siku. Anayetumia heroini hulazimika kutafuta dozi mara kadhaa kwa siku, na kila mara kutafuta hela kwanza. Methadoni hunywewa mara moja, bila sindano, ikamshikilia mtu saa 24 bila arosto. Saa zinazobaki ndizo za kulea mtoto, kutafuta kibarua na kumeza dawa za kufubaza VVU kwa wakati. Mtu asiyepata saa hizo hana nafasi hata ya kuwa na ule msimamo ambao Frankfurt aliusifu.

Mnyororo upo, lakini urefu wake hupangwa na watu. Kufika kliniki kila siku ni nauli ya kwenda na kurudi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Machi 2020, korona ilipoenea, Marekani iliruhusu wagonjwa walio imara kuchukua methadoni ya hadi siku 28 nyumbani. Dawa ilikuwa ileile, na watu ni walewale. Kilichobadilika ni kiasi cha imani ambacho mamlaka ilikuwa tayari kuwapa.

Tazama pia mgonjwa wa methadoni anayegundulika kuwa na kifua kikuu. Anapewa rifampisini, nayo inalifanya ini livunje methadoni haraka kuliko kawaida. Baada ya siku chache arosto inarudi. Dozi isipoongezwa, atarudi kijiweni, na kwenye faili itaandikwa kwamba hafuati masharti. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi kutibu VVU kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, huleta tatizo hilohilo. Anaonekana amekosa nia, kumbe vyumba viwili vya hospitali moja havikuzungumza. Ndiyo sababu kutoa methadoni na dawa za VVU kwenye dirisha moja si suala la urahisi tu. Ni kumwondolea mgonjwa lawama ya kosa lisilo lake.

Hapo ndipo huduma ya kijamii inapobeba maana yake ya kifalsafa. Kwa mazoea, hiari huonwa kama mali ambayo mtu ama anayo au hana, na msaada hutolewa kama tuzo kwa aliyeonyesha kuwa anayo. Uzoefu wa pwani unageuza mpangilio huo: msaada huja kwanza, na hiari hukua ndani yake. Wanawake wamebaki wachache sana kliniki, na kudai kwamba wao wana nia hafifu kuliko wanaume ni kuwaonea. Wengi hufanya kazi usiku, wana watoto wasio na wa kuwaangalia asubuhi, na aibu wanayobebeshwa ni kubwa zaidi.

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Kibali cha dharura kilichofuata kiliruhusu matibabu ya VVU yaendelee, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kuwafikia watu walio hatarini haikuwemo. Uamuzi huo uliona chupa ya dawa kuwa uhai, na anayempeleka mtu hadi kwenye chupa hiyo kuwa nyongeza. Tanzania na Kenya zinapopanga sasa kugharamia huduma hizi kwa fedha zao, zisirudie hesabu hiyo. Posho ya mwelimishaji rika, nauli ya mgonjwa wa mbali na mtu wa kumshika mtoto wakati mama yuko dirishani viingie katika bajeti ileile inayonunua methadoni.