MZAZI ASIACHWE PEKE YAKE

Somo: Luka 2:41-52



Somo letu ni habari ya wazazi waliopotewa na mtoto. Kila mwaka Yosefu na Maria walipanda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipofika miaka 12, walipanda naye. Sikukuu ikaisha, wakashika njia ya kurudi, kumbe mtoto amebaki nyuma. Walitembea siku nzima bila kujua. Kisha wakamtafuta kwa jamaa na kwa watu wanaojuana nao, wasimwone. Wakarudi Yerusalemu, na siku ya tatu ndipo walipomkuta hekaluni, ameketi kati ya waalimu.

Mara nyingi tunahubiri juu ya Yesu na wale waalimu. Leo tuwaangalie wazazi, maana wana mambo matatu ya kutufundisha.

La kwanza. Hawa walikuwa wazazi waliochaguliwa na Mungu mwenyewe. Malaika alikuja kwao. Walisali, walishika sikukuu, na bado mtoto aliwapotea. Basi shida ndani ya nyumba si alama kwamba Mungu amekukataa. Wapo kati yetu wanaokuja ibadani wamevaa vizuri, wanaimba vizuri, na nyumbani kijana wao halali ndani siku ya tatu sasa. Wananyamaza kwa sababu wanaogopa tutasema kwamba imani yao ni ndogo. Ndugu, kama ni hivyo, na imani ya Maria ilikuwa ndogo?

La pili. Kwa nini walitembea siku nzima bila hofu? Kwa sababu walikuwa katika msafara wa watu waliowaamini. Katika msafara ule, mtoto wa huyu alikula kwa yule, na jicho la mama mmoja lilikuwa jicho la mama wote. Na walipoona kwamba mtoto hayuko, hawakuficha. Walikwenda kwa huyu na kwa yule wakiuliza. Hawakuona haya kukiri mbele ya watu kwamba mtoto wao hawajui aliko.

La tatu. Walipompata, Maria alimwuliza mtoto. Alimweleza uchungu wake na uchungu wa baba. Kisha akasikiliza jibu. Neno linasema kwamba hawakuelewa jibu lile. Hata hivyo hawakumfukuza, hawakumwita jina baya. Walishuka naye Nazareti, na huko mtoto akatii, akakua katika hekima na katika neema.

MSAFARA WETU UMEVUNJIKA

Tukiangalia mji wetu wa Lubumbashi, tunaona kwamba baba zetu nao walikuwa na msafara. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Watu walitoka Kasai, Maniema, Rhodesia, Rwanda, Luapula na vijiji vyote vya Katanga, wakaja kufanya kazi Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba. Ilitoa poso ya unga na samaki. Ilitoa hospitali, masomo ya watoto, na hata mahali ambapo mama walifundishwa kushona. Ndiyo maana watu walizoea kusema: kazi njo baba, kazi njo mama.

Tunajua yaliyofuata. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilianguka, na kufika mwaka 2003 ilikuwa inatoa chini ya tani 20,000. Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka ule wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini na kitu kidogo mkononi. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya historia ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, na jina la kitabu chenyewe linawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Siku ile baba aliporudi nyumbani bila poso, alikosa pia sauti. Mama alichukua sahani ya vitumbua na beseni ya samaki, akaenda sokoni Kenya. Wengine walishika njia ya Kasumbalesa. Nyumba haikufa, tunamshukuru Mungu na tunawashukuru mama. Lakini kitu kingine kilivunjika. Jirani aliyekuwa anapokea poso pamoja nawe, mstari mmoja, siku moja, sasa hujui anakula nini. Kila mmoja alifunga mlango wake ili mwenzake asione chungu kitupu. Leo makampuni mengine yamekuja, magari ya shaba yanapita usiku na mchana, lakini milango mingi imebaki imefungwa.

Tusisahau hata hivyo kwamba wazazi waliposhikana waliweza. Katika miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa waalimu, nani aliyeacha masomo yasifungwe? Ni wazazi. Walichanga, wakampa mwalimu kitu cha kula, na watoto wakaendelea kusoma. Ulikuwa mzigo mzito, na ulikaa mabegani mwetu miaka mingi, mpaka masomo ya msingi ya Serikali yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Lakini mzigo ule unatuonyesha kwamba wazazi wa mji huu wanajua kubeba pamoja.

MZAZI AKIWA PEKE YAKE, MTOTO NDIYE ANAYELIPA

Sasa tuseme jambo ambalo makanisa ya unabii hayana ruhusa ya kulinyamazia.

Mzazi aliyefungiwa na shida yake anatafuta sababu. Kazi imeisha, mtoto mdogo amekufa kwa malaria, bwana ameondoka, biashara imeanguka. Hana mtu wa kumwambia. Usiku anafikiri peke yake, na macho yake yanaanza kumfuata mmoja wa watoto. Ni mtoto gani? Mara nyingi ni yatima aliyeachwa na ndugu, au mtoto wa mke wa kwanza. Ni yule anayekojoa kitandani, yule wa kifafa, yule mkaidi, yule anayeuliza maswali mengi. Neno moja linasemwa: huyu ni mchawi. Kisha mtoto ananyimwa bukari, anapigwa, anafungwa ili afunge bila kula na kunywa, na mwisho analala barabarani, watu wanamwita shege.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo kwa kifungo. Lakini sisi hatungoji polisi watufundishe. Bwana wetu alimchukua mtoto akamsimamisha katikati ya mitume, akasema kwamba kumpokea mmoja kama huyu kwa jina lake ni kumpokea yeye (Marko 9:36-37). Unabii unaomtoa mtoto katikati na kumtupa nje, umetoka kwa roho gani? Tunaamini kwamba Roho Mtakatifu anasema hata leo. Kwa sababu hiyo hasa tunachunga asisingiziwe maneno ambayo hakusema.

Basi mzazi akija anaomba aonyeshwe anayeharibu nyumba yake, tumwulize kwanza: Mtoto amepelekwa hospitali? Amekula lini? Nani amekufa katika nyumba hii, na mtoto alilia na nani? Wewe mwenyewe, mama, una nani wa kuongea naye? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ndilo linaloonyesha ugonjwa wote. Mama hana mtu.

MJI HUU UNA USHUHUDA

Mwaka 1921 Wabelgiji walimhukumu nabii Simon Kimbangu, na baadaye akafungwa hapa kwetu, wakati mji ulipoitwa Elisabethville. Alikaa kifungoni miaka 30, akafia hapa tarehe 12 Oktoba 1951. Wana wake watatu walikuwa wadogo alipokamatwa. Mkewe, Mama Marie Muilu, alibaki mbali, kule Kongo ya Chini, akiwalea bila baba yao na akiwachunga waamini waliokutana kwa siri. Tukitaja mateso ya nabii, tumtaje pia mama huyu. Na kila tunapomwona kati yetu mama ambaye bwana wake yuko mbali, gerezani, machimboni au kaburini, tujue kwamba ushuhuda wa namna ile uko mbele ya macho yetu, na unahitaji mikono.

TUFANYE NAMNA GANI?

Mama zetu wanajua likelemba. Kila mmoja anatoa kidogo, na kila mwezi mmoja anapokea chote. Hakuna anayeitwa maskini siku anapopokea, kwa sababu jana alitoa na kesho atatoa tena. Urafiki wa wazazi uwe vile vile. Leo wewe unalia kwangu, kesho mimi nitalia kwako.

1. Tusikilize kabla ya kushauri. Mama akisema, "Binti yangu amepata mimba," usimjibu kwa habari ya binti yako anayesoma vizuri. Mpe kiti. Mwache amalize. Ayubu alikuwa na rafiki watatu. Siku saba walizokaa naye chini kimya zilikuwa msaada, na walipoanza kueleza makosa yake ndipo walipoharibu.

2. Tutunze siri. Neno la nyumba ya mwenzako lisifike kwenye bomba la maji wala sokoni. Lisifike pia katika maombi yetu kwa mlango wa nyuma. Wapo wanaosimama mbele ya watu na kusema, "Tumwombee mama fulani, mtoto wake ameanza kuiba." Hayo si maombi. Ni masengenyo yaliyofumba macho.

3. Tusaidie kwa mikono. Kikombe cha unga, kifungu cha sombe, makala ya jioni moja. Kukaa na watoto wa mwenzako ili alale saa mbili. Kumsindikiza hospitali usiku mtoto anapowaka homa. Kwenda pamoja na baba kwa mkubwa wa masomo, kuomba mtoto asifukuzwe kwa ajili ya feza ya sekondari isiyotimia. Paulo anafundisha kwamba sheria ya Kristo inatimia pale tunapobebeana mizigo (Wagalatia 6:2). Mzigo haubebwi kwa mdomo.

4. Baba nao waongee. Mama wanakutana, wanachambua mboga, wanatoa yaliyo moyoni. Baba ananyamaza, na kimya kile wengine wanakipeleka kwenye pombe. Baba aliyepoteza kazi anatoka nyumbani asubuhi kama anakwenda kazini, anazunguka mji mpaka jioni, ili watoto wasijue. Ndugu wanaume, mkimwona mwenzenu hivyo, msimpite. Kaeni naye chini ya mwembe. Mwulizeni habari za watoto wake kwa majina yao.

5. Tufurahi pamoja pia. Kuna watu wanaokuja kwetu wakati wa kilio tu. Mtoto wa jirani akishinda mtihani wa Serikali, twende tumwagiwe pudra pamoja naye. Mtoto aliyechelewa kutembea akipiga hatua tatu, tupige vigelegele. Aliyefurahi nawe siku ya pudra, hutaona haya kumwita siku ya machozi.

Na mambo haya yaanze kabla ya shida. Yosefu na Maria hawakutafuta msafara siku mtoto alipopotea. Walikuwa ndani yake tangu nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba, juma hili, iende kwa nyumba nyingine moja ya wazazi. Si kwa ajili ya ugonjwa wala kilio, bali kusalimia na kuuliza watoto wamelalaje. Anayejua mtoto aliyesingiziwa uchawi, asilale bila kuwafikia wazee wa kanisa. Na aliye na shida iliyofichwa, achague mtu mmoja, mmoja tu, amwambie. Hatakuwa mzazi wa kwanza kwenda kwa jirani akiuliza mtoto wake yuko wapi.

Tuombe. Baba yetu, wewe uliyemkabidhi Mwana wako kwa mikono ya seremala na ya mama kijana, wakumbuke wazazi wa mji huu. Wafungue midomo walionyamaza. Warudishe watoto wanaolala nje. Wape nyumba zetu jirani wema, na utufanye sisi wenyewe kuwa jirani hao. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.