Mtu Aliye Ndani ya Chuma

Yafaa tuanze na swali lenyewe, maana limetushughulisha tangu Kwaresima. Je, mtu akivunja kitu kisicho na uhai, naye ameambiwa kwamba ndani ya kitu hicho yumo mwanadamu, amevunja nini?

Swali hili limeletwa na vijana wetu pasipo wao kujua. Wameomba ruhusa kwa halmashauri ya mtaa waweke ukumbini, Jumamosi alasiri, televisheni moja na mashine ya gemu iitwayo PlayStation, ili wenzao wasishinde vibandani mpaka usiku. Vibanda hivyo vipo kila mahali siku hizi, Shinyanga mjini, Kahama, Katoro, Geita. Aghalabu mchezo wenyewe ni mpira wa miguu, na juu ya mpira hatuna la kusema. Lakini katika santuri zao imo moja ya vita vya majitu ya chuma, marefu kuliko nyumba, yenye bunduki mahali pa mikono, na ndani ya kila jitu ameketi mtu anayeliendesha. Wapo wazee waliosema mchezo wa kuua usiingie ukumbini. Vijana wakajibu kwa adabu, "Wazee wetu, hapa hauawi mtu. Ni chuma tu."

Neno hili "ni chuma tu" ndilo tunalotaka kulitazama.

Kwanza tuseme kwamba hatuko upande wa wale wanaoona kila mchezo wa mapambano ni uovu. Katika bao mtu hula kete za mwenzake mpaka amfilisi, na hatujasikia kwamba bao limemfanya mzee yeyote kuwa jambazi. Watoto wa wafugaji huku Usukumani wamewapiganisha madume ya ng'ombe machungani tangu zamani, na jioni wakarudi nyumbani pamoja. Zaidi ya hayo, sisi tuna Wagika na Wagalu. Msomaji wa mbali pengine hajui: hivi ni vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno. Kila upande hupiga ngoma yake kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, hutumia nyoka, nungunungu, vinyago na kila hila ya kuwavuta watu, na ushindi ni wa yule aliyevuta umati kwake. Ni vita kabisa. Huko Bujora, karibu na Mwanza, watu hukusanyika kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo kuyatazama mashindano hayo. Lakini Mgalu anamjua Mgika anayeshindana naye. Anamjua kwa jina, kwa ukoo, na pengine amemwoa dada yake. Akimshinda, amemshinda mtu.

Basi ubaya, kama upo, hauko katika kushindana.

Tulijitahidi kujifunza habari za majitu haya, maana mwalimu hawezi kukosoa kitabu asichokisoma. Asili yake ni Ujapani. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alichora hadithi ya picha iitwayo Tetsujin 28, ambamo mtoto mmoja anaongoza jitu la chuma akiwa mbali nalo, kwa kifaa cha mkononi. Mwaka 1972 Go Nagai akachora Mazinger Z, na humo mwendeshaji akaingia ndani ya kichwa cha jitu lenyewe. Kisha mwaka 1979 ukaja mchezo wa televisheni, Mobile Suit Gundam, ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino. Huo ulifanya jambo la uadilifu, kwa maoni yetu: ulimwonyesha mtazamaji watu walio ndani ya majitu ya adui pia, wenye majina, wenye ndugu, wenye hofu. Mwendeshaji mkuu ni kijana mdogo tu, na vita vinamharibu.

Gemu ambalo vijana wetu wanalo linaitwa Armored Core. Lilitolewa Ujapani mwaka 1997 na kampuni ya FromSoftware. Tuliketi tukalitazama alasiri nzima, mjukuu wetu akishika padi na kutueleza. Habari yake ni hii. Dunia ya juu imeharibika, wanadamu wamehamia chini ya ardhi (hapo mjukuu alicheka, akasema, "Babu, kama Geita"), na kampuni mbili kubwa, Chrome na Murakumo, zinagombea kila kitu. Mchezaji si askari wa nchi yoyote. Ni mtu wa kukodiwa, naye huitwa Kunguru. Analetewa barua za kazi: nenda mahali fulani, vunja hiki, linda kile, malipo ni kiasi hiki. Anachagua.

Kazi ikiisha haipigwi tarumbeta. Hutokea hati ya hesabu. Juu umeandikwa ujira. Chini yake zimekatwa gharama za risasi, na gharama za kulitengeneza jitu lililoharibika. Kinachobaki ndicho faida yako. Basi. Tuliitazama hati ile kwa makini kama tulivyozoea kutazama daftari za wanachuo, tukitafuta mstari wa walioanguka. Haupo. Aliyekuwa ndani ya jitu ulilolilipua hayumo katika mapato wala katika matumizi.

Liko na jambo la deni. Mchezaji mzembe akitumia risasi nyingi kuliko ujira, deni linakua, na likipita elfu hamsini za fedha ya mchezo, anachukuliwa na kufanyiwa majaribio mwilini, anarudishwa kazini akiwa nusu mashine. Twaona hapo kwamba mtunzi alikuwa na fikira nzito: deni linamla mtu kidogo kidogo mpaka chuma kinakuwa si vazi tena. Lakini mjukuu anasema wapo wachezaji wanaolitafuta deni hilo makusudi, kwa kuwa mwili wa namna hiyo una nguvu zaidi. Onyo limegeuka kuwa njia ya mkato. Jambo hili tumeliona katika mambo mengine yasiyo michezo.

Na katika orodha ya kazi imo moja ya kuwaondoa watu waliokalia mahali pasipo ruhusa. Tulimwomba mjukuu asimamishe mchezo kidogo.

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya 1970 tulilijua neno mamluki kabla hatujajua maana yake sawasawa. Redio ilipotangaza mwaka 1976 kwamba mamluki 13 wameshtakiwa huko Luanda, na wanne wakauawa kwa hukumu, hatukuona kwamba kuna swali lolote hapo. Mamluki alikuwa mtu mwovu wa kutoka mbali. Katika gemu hili mamluki ni wewe, na hupewi nafasi ya kuwa kitu kingine. Kwa hiyo hatusemi kwamba mtunzi anausifu umamluki. Yawezekana anasema kweli kuliko sisi tulivyosema darasani: kwamba mtu wa kukodiwa haanzi na chuki. Anaanza na barua ya kazi na hesabu.

Sasa tuje kwetu. Wakazi wa Geita wameyaona majitu halisi. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, watu wamezoea malori ambayo gurudumu moja humzidi mtu mzima kimo, na makatapila yanayochota kilima. Si vitu viovu. Vimelisha nyumba nyingi, na wanaoviendesha ni watoto wetu. Tulimwuliza mmoja wao, mtu mwenye busara, anasikia nini akiwa juu kule. Akasema, "Mwalimu, ukifunga mlango wa kebini husikii kitu. Unaona kazi tu."

Hakuna kosa katika maneno hayo. Mtu asiposhughulikia kazi yake tu katika mashine kama ile, ataua. Lakini chuma kina tabia hiyo: kinamlinda aliye ndani, na papo hapo kinamfichia aliye nje.

Tunakumbuka Bulyanhulu, wilaya ya Kahama. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa katika eneo lile, na maduara yao yakafukiwa kwa mitambo. Yalizuka madai mazito kwamba wako watu waliofukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ilipochunguza, katika taarifa yake ya mwaka 2002 ilisema haikuona msingi wa madai hayo. Hatuandiki ili kuifungua kesi hiyo upya. Tunaandika kwa sababu ya jambo moja dogo: kwamba swali lenyewe liliwezekana kuulizwa. Kwa jembe la mkono mtu hulazimika kuchungulia shimo analolifukia. Aliyeketi juu ya buldoza hana budi kuamini neno la mwingine kwamba shimo ni tupu.

Na hapo ndipo tunapotaka kumjibu kijana wetu. Chuma si lazima kiwe cha kuyeyushwa. Maneno nayo ni chuma. Huku kwetu aingiaye katika eneo la mgodi kuokota mawe huitwa mvamizi. Huko Mwadui, kwenye almasi, wanaitwa wabeshi. Hatusemi sheria isiwepo, wala kwamba kila aingiaye ana haki. Twasema tu kwamba mtu akiisha kuitwa mvamizi, jina lake la ubatizo halisikiki tena, na lolote litakalompata litaandikwa kama tukio.

Tena kuna jambo chungu zaidi, nalo wasomaji wa mikoa hii hawahitaji tulieleze kwa urefu. Kwa miaka mingi vikongwe wetu, wanawake waliokwisha kulea ukoo mzima, wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho yao mekundu yakawa ndiyo ushahidi. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, jikoni, miaka hamsini. Aliyetumwa kuua mara nyingi hakuwa na ugomvi na marehemu. Alikodiwa. Palikuwa na bei. Hakuvaa jitu lolote la chuma. Alikuwa na panga tu, naye alisimama karibu kabisa na uso wa bibi yule. Neno "mchawi" ndilo lililomfunika bibi asionekane. Basi tusidhani kwamba ni mashine zilizotuletea jambo hili kutoka Ujapani.

Watasema: mwalimu amekwenda mbali, watoto wanajua kwamba huu ni mchezo. Ni kweli, nasi tunaamini wanajua. Hatukuona dalili hata moja kwamba mjukuu wetu amekuwa mkatili. Alipomaliza alikwenda kumchotea bibi yake maji. Wala hatudhani muuaji wa kukodiwa huzaliwa vibandani, maana vikongwe walikuwa wakiuawa kabla santuri hizi hazijafika hapa. Kwa hiyo sisi tumeshauri ruhusa itolewe. Kijana anayecheza ukumbini mchana, akiwa na wenzake, ni afadhali kuliko yule anayecheza kibandani usiku kwa fedha ambazo hatujui amezipata wapi.

Lakini jibu la "ni chuma tu" hatulikubali, kwa sababu gemu lenyewe halisemi hivyo. Linasema yumo mtu. Linamwita mwendeshaji. Mchezaji ndiye anayeona ni rahisi zaidi kumsahau, na kusahau huko, ingawa hakumdhuru mtu yeyote leo, ni zoezi. Chuoni tuliwaambia walimu wanafunzi kwamba mtoto hujifunza alichokirudia, si alichoambiwa.

Mwaka 2002 kampuni ya Capcom ilitoa gemu jingine la namna hii, Steel Battalion, kwa mashine iitwayo Xbox. Liliuzwa pamoja na meza yake ya kuendeshea, yenye vitufe kama arobaini, vijiti viwili na pedali tatu. Jitu lako likipigwa, kuna kitufe cha kujiokoa. Usipokibonyeza kwa wakati, mwendeshaji wako amekufa, na mashine inafuta kumbukumbu yote ya mchezo wako; unaanza upya. Wanaolijua wanalisifu kwa ukali huo, nasi tunaona wana haki, maana humo kifo kina bei. Lakini angalia ni kifo cha nani. Hata gemu hilo linamtoza mchezaji uhai wake mwenyewe. La yule aliyempiga haliulizi.

Tumewaomba vijana, iwapo halmashauri itakubali, kwamba kila kazi ya Kunguru ikiisha mmoja wao aisome ile hati ya hesabu kwa sauti, kisha waulizane nani alikuwa upande wa pili na aliitwa kwa jina gani katika barua ya kazi. Si zaidi ya dakika mbili. Baadhi yao wamekubali. Wengine wanasema itawaharibia mchezo, na yawezekana wanasema kweli.