Kuchaguliwa Si Kuchagua

Ndugu msomaji, usidhani nimeishiwa mambo ya kuandika. Nataka nikupeleke Marekani, kwenye ule mpira wao unaofanana na yai, unaochezwa na majitu yaliyovaa kofia ngumu. Ndani yake nimekuta swali ambalo limeninyima usingizi: je, ni haki kumnyima kijana hiari yake ili timu zote zilingane?

Swali lilizuka kijiweni. Mshikaji wangu mmoja, mfuatiliaji mkubwa wa ligi hiyo ya NFL, anashikilia kwamba timu ya kweli hujengwa kwa drafti. (Si drafti ya kete, jamani.) Kila mwaka timu 32 hugawana vijana wanaotoka kucheza vyuoni, raundi 7, na kwa kawaida iliyoshika mkia huchagua kwanza. Kijana akishatajwa, timu nyingine haziruhusiwi kumsajili.

"Timu ni nyumba," ananiambia, "unapandisha tofali kwa tofali. Hao wanaokimbilia wachezaji huru, waliomaliza mikataba yao, ni wapangaji tu."

Maneno matamu, na yana ukweli wake. Mwaka 2000 New England Patriots walimchukua Tom Brady akiwa wa 199 kwenye orodha. Walimlea, wakabeba naye ubingwa mara 6. Nani asiyependa hadithi ya namna hiyo? Mimi ninayeota kuandika riwaya naipenda zaidi.

Lakini tuulize drafti ilitoka wapi. Aliyeipendekeza mwaka 1935 ni Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, timu dhaifu iliyokuwa ikishindwa kuvuta vijana wazuri mbele ya vigogo. Wenzake wakakubali. Mwaka 1936 jina la kwanza kabisa kutajwa likawa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Eagles wakamchagua, kisha wakaihamisha haki ya kumsajili kwa Chicago Bears. Angalia hapo: mtu hajavaa jezi, hajatia saini, na tayari kuna kitu chake kimebadilishana mikono. Hawakuafikiana mshahara, na Berwanger hakucheza hata mechi moja ya ligi ile.

Labda nasema kwa uchungu wangu. Nilipomaliza kidato cha nne nilipangiwa shule katika mkoa ambao sikuwahi kuutia mguu, nikasome kombi ya sayansi, mimi ambaye madaftari yangu yalijaa hadithi. Nyumbani walipiga vigelegele: kijana kachaguliwa! Sikwenda. Baba alininunia miezi mingi, na mpaka leo sijui kama nilikosea. Ninachojua ni kwamba katika shangwe ile yote hakuna aliyeniuliza.

Turudi Marekani. Kwa miaka mingi hata aliyemaliza mkataba alifungwa kwa kanuni za aina aina asihame kwa hiari. Mwaka 1992 baraza la mahakama mjini Minneapolis likaona kanuni zile zilivunja sheria ya ushindani wa biashara, na mwaka 1993 mlango ukafunguliwa. Hofu ilikuwa kwamba mastaa wote watajazana miji mikubwa. Staa mkubwa wa mwaka ule alikuwa Reggie White, beki aliyewatesa warushaji wa mipira kwa misimu 8 akiwa Eagles. Alikwenda wapi? Green Bay, mji mdogo kuliko yote yenye timu, baridi yake haisemeki. Alilipwa vizuri, dola milioni 17 kwa miaka 4, sikatai. Ila alikwenda kwa miguu yake. Januari 1997 wakawa mabingwa.

Kwangu mimi White hakuwa mpangaji. Anayeingia nyumba kwa hiari anaweza kuipenda kuliko aliyezaliwa humo. Na Brady yuleyule, tofali la mfano, mwaka 2020 aliondoka akiwa mchezaji huru, akaenda Tampa Bay na kubeba ubingwa wa msimu huohuo.

Mshikaji hakukubali. "White ni mmoja," akasema, "je, timu maskini itaishije?" Nikamjibu kwamba tangu 1994 kuna kikomo cha fedha za mishahara kwa kila timu, kilichoanza na dola milioni 34.6. Kwa hiyo inawezekana kutafuta usawa kwa kumshika mkono mwenye hela, badala ya kumfunga kijana asiye na kitu.

Nilidhani nimemmaliza. Akacheka, akawasha sigara yake.

"Na hicho kikomo, bwana mwandishi, kinabana mshahara wa nani? Si wa mchezaji huyohuyo?"

Hapo alinishika. Nimerudi nyumbani na swali lake, na karatasi hii nimeichana mara mbili.