Maji ya Moto na Haki ya Muulizaji

Mtu akileta habari iliyo kinyume cha kanuni tuijuayo, je, yatupasa kuipima, au yatosha kumcheka?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia katika jokofu maziwa ya aiskrimu yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne aliahidi kujaribu, akatimiza, na mwaka 1969 habari yao ilichapwa.

Jambo lenyewe si la kutupwa tu. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, na kila gramu ya maji yachemkayo, igeukapo mvuke, huondoka na kalori 540 hivi za joto. Hapa Didia mtungi watufundisha hayo hayo: maji yapenyayo udongo hukauka kwa nje, na yaliyobaki ndani hupoa.

Hata hivyo, mwaka 2016 Burridge na Linden walipima tena, wasione ushahidi wa kutosha.

Basi, ndugu msomaji, yule mwalimu alikuwa na haki? Sivyo kabisa! Yeye alijibu kwa cheo. Hawa walipinga kwa kipimajoto, na kumpinga mtu hivyo ni kumheshimu. Osborne naye hakumsadiki Mpemba papo hapo. Alidhani kijana amekosea, lakini akaamuru maji yatiwe katika jokofu.