Mtoto Hana Deni la Uji



Katika mkoa wetu wa Songwe mahindi si haba. Mbozi hulima, Ileje hulima, na malori ya mizigo hayakomi kupita mpakani Tunduma. Lakini ghala lililojaa si mtoto aliyeshiba. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na huko Iringa, nchi ya mahindi kama yetu, walikuwa zaidi ya nusu.

Serikali iliondoa ada na michango ya lazima shuleni, bali chakula cha mwanafunzi wa kutwa ikakiacha juu ya mzazi. Basi katika shule nyingi wazazi huleta mahindi, nayo husagwa, na uji hupikwa. Hapo ndipo lilipo swali letu: Mtoto ambaye mzazi wake hakuleta kitu, je! anyimwe uji?

Wako wasemao, Anyimwe. Nao si watu wabaya. Husema: Mjane ameleta debe lake kwa shida, na jirani mwenye ng'ombe hakuleta, watoto wao wakinywa sawasawa, mwaka ujao nani ataleta? Neno hili lina haki ndani yake, wala halifai kudharauliwa.

Lakini na tutazame ni nani anayeadhibiwa. Mtoto wa darasa la awali ana umri wa miaka mitano. Hana shamba, hana neno katika mkutano wa kijiji, wala hakujichagulia baba. Akikaa na njaa huku wenzake wanakunywa, herufi hazimkai kichwani. Tena hujifunza somo jingine, ya kuwa shule si mahali pake. Na yule mwenye ng'ombe amepoteza nini? Hakupoteza kitu, amekula nyumbani kwake.

Basi yatupasa kutenga mambo mawili. Deni ni la mtu mzima: adaiwe yeye, mbele ya kamati ya shule na serikali ya kijiji. Mchukuzi wa Tunduma asiye na shamba alete kuni, au afanye kazi ya siku moja jikoni; asiyeweza kabisa asamehewe. Lakini sufuria iwe moja, na kila kikombe kijazwe.

Ndugu walimu na wazee, mkutanapo kupanga michango baada ya mavuno, lipimeni neno hili kabla ya kuandika majina ya wasiolipa.