Kunyamazisha Mlio

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Songea tunaye fundi pikipiki mwenye gereji yake Mfaranyaki. Jumamosi moja, tulipomaliza kuisoma Injili ya Dominika, alituuliza swali ambalo halikuwamo kwenye karatasi ya tafakari: je, fundi anatenda dhambi akimfanyia mteja kile kile mteja alichoomba?

Kijana wa yeboyebo, kama tunavyoziita bodaboda hapa kwetu, alikuwa amemletea pikipiki inayonguruma kutoka tumboni. Injini ya pikipiki hizi ina beringi mbili kubwa zinazobeba krenki, moja kila upande. Ndani ya beringi kuna gololi za chuma zinazozunguka kati ya pete mbili. Oili ikipungua, au ikikaa humo mpaka ikawa nyeusi kama lami, uchafu na chembe za chuma hukwaruza gololi na njia yake, na hapo mngurumo huanza. Kijana hakuomba beringi mpya. Pikipiki yake ni ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na alikuwa amebakiza miezi minne tu iwe mali yake. Akasema, "Fundi, niwekee oili nzito mlio upungue, nimalize mkataba kwanza." Oili nzito hupunguza mlio kweli. Haiponyi chochote.

Wengi wetu tulijibu upesi kwamba hapo hakuna dhambi. Mteja anajua, fundi hakumficha kitu, wamekubaliana. Ili uwepo uongo lazima awepo aliyedanganywa, alisema mwalimu wetu mstaafu, naye si mtu wa kusema ovyo.

Fundi ndiye aliyetutoa hapo, kwa kutueleza beringi hufia wapi. Haifii gereji. Hufa ikiwa kazini, injini imechemka, pikipiki imebeba watu. Ikipasuka, krenki hukamata, injini inanoki, na dereva asipowahi klachi tairi la nyuma linaweza kusimama ghafla. Aliyepakiwa nyuma hana usukani wala breki, na hakuwepo gereji siku ile ya makubaliano. Huenda ni mama anayewahi hospitali ya Peramiho, mtoto mgongoni. Anasikia injini imetulia, anaamini ni nzima, anapanda. Basi mwalimu alikuwa amekosea mahali pamoja tu: aliyedanganywa yupo, ila hatujui jina lake.

Torati inamjua mtu huyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushie dari yake ukuta mdogo, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Haielezwi aangukaye ni nani. Na Kutoka, sura ya 21, inatenganisha ng'ombe aliyepiga mtu pembe kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa kuwa ana tabia hiyo. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu amejua. Fundi aliyeweka sikio kwenye injini amekwisha kuonywa.

Lakini tusidhani kwamba akishakubali kuifungua mambo yamekwisha. Kuifikia beringi hiyo lazima ashushe injini, atoe silinda, sumaku na klachi, kisha atenganishe bodi mbili za injini. Ni kazi kubwa kwa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Hapo majaribu yanaanza upya, maana hakuna anayeona. Njia nzuri ni kupasha moto bodi ya aluminiamu hadi itanuke, beringi iingie bila kulazimishwa. Njia ya haraka ni nyundo. Ukiigonga kwenye pete ya ndani, nguvu hupitia kwenye gololi na kuacha vidonda ambavyo jicho halivioni. Beringi mpya inaanza safari yake ikiwa mgonjwa. Vivyo hivyo asipoosha njia za oili, chembe zilizoua beringi ya zamani zinabaki humo zikingoja nyingine.

Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na ndani yake vifaa vya kazi vya monasteri vinatakiwa kutunzwa kama vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 57, inayohusu mafundi, inawakumbusha Anania na Safira, wasije wakafanya hila katika kuuza. Inataka pia bei iwe chini kidogo ya bei za wengine. Hilo la bei lilimchekesha fundi wetu. Akasema Mtakatifu Benedikto hakuwa analipa kodi ya fremu.

Alicheka, lakini swali lilikuwa limeturudia sisi. Kijana hakupenda oili nzito. Alikuwa hana njia nyingine. Pikipiki ikilala gereji siku mbili, hesabu hailali. Na sisi tunaobishania nauli barabarani mpaka dereva anakubali kwa shingo upande, ndio tunaopanda nyuma.

Mtu mmoja akapendekeza tumkopeshe kutoka mfuko wa jumuiya. Mtunza hazina akakataa: mfuko ni wa misiba na wagonjwa, imeandikwa kwenye daftari. Mama mmoja mzee, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akamwambia, "Baba, na huu ni msiba. Haujafika tu."

Tulibishana hadi giza likaingia. Mwishowe tulitoa fedha ya beringi na gasketi. Fundi alikubali kulipwa kazi yake kidogo kidogo, na mwenye pikipiki, tulipomwendea watu watatu, alisamehe hesabu ya siku moja. Ya pili alikataa.